Nyasi Nazo ni Maliasili: Wajibu Wetu kwa Nyanda Zisizo na Mtetezi



Leo ninakusudia kutetea kitu ambacho aghalabu hakina mtetezi. Msitu una siku yake ya kuadhimishwa, ziwa lina doria zake, kinamasi kina alama za mipaka yake. Nyasi je? Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaomba wanafunzi wangu wataje maliasili za Uganda. Hutaja maziwa, misitu, madini, mafuta ya petroli na masokwe wa milimani. Katika orodha zote walizoandika ubaoni, neno "nyasi" halijawahi kutokea. Siwalaumu, kwa sababu hata sisi watu wazima tukipita kando ya uwanda mpana usio na mti wala nyumba husema, "Pale hapana kitu."

Hoja yangu ni kwamba pale pana kitu, tena kikubwa. Uwanda wa nyasi ni maliasili kamili. Si ardhi tupu inayosubiri jembe, tingatinga au miche ya miti. Kuuhifadhi ni wajibu wa raia, si kazi ya askari wa wanyamapori peke yao.

Lugha inatwambia nini?

Tuanze na maneno, kwa kuwa hapa ni mahali pa kujifunza lugha. Kiswahili hakina neno moja tu la ardhi yenye nyasi. Uwanda ni nchi tambarare iliyo wazi. Nyika ni nchi kavu yenye nyasi na miti michache iliyotawanyika. Malisho ni mahali mifugo inapolishwa. Mbuga, kwa maana yake ya asili, ni bonde tambarare la nyasi lenye udongo mweusi, unaotuamisha maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Leo tunaposema "mbuga ya wanyama" twafikiria hifadhi yenye lango na tiketi, tukisahau kwamba neno lenyewe lilikuwa jina la ardhi kabla halijawa jina la mahali pa watalii.

Hata mji wetu mkuu umebeba kumbukumbu ya nyasi. Jina Kampala latokana na swala aliyekuwa akilisha juu ya vilima vya Buganda, anayeitwa empala kwa Kiganda. Waswahili humwita swala pala. Swala huyo hawezi kuishi msituni. Anahitaji nyasi na vichaka vya hapa na pale. Kwa hiyo kila tunapolitaja jina la Kampala, twautaja uwanda wa malisho uliokuwepo kabla ya barabara na maghorofa. Tazameni pia nembo ya taifa: upande mmoja amesimama swala aina ya kob, upande wa pili korongo taji. Kob ni mlaji wa nyasi. Korongo taji hutaga katika vinamasi, lakini hujitafutia chakula katika nyasi fupi zilizo kando yake. Tangu mwaka 2012 ndege huyo, aliye pia katika bendera yetu, amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Taifa linaloheshimu bendera yake halina budi kuheshimu makazi ya ndege aliyechorwa katika bendera hiyo.

Nyasi hufanya kazi gani?

Mmea mwingi hukua kutoka nchani. Ukiukata kichwa, umeudhuru. Unyasi si hivyo. Sehemu yake ya kukulia iko chini, karibu na udongo au ndani yake. Ng'ombe akila majani, au moto ukipita juu, sehemu ile husalia salama na kuchipuza tena mvua inyeshapo. Ndiyo sababu nyasi zimeweza kuishi pamoja na walaji wake kwa muda mrefu, na walaji hao wakawa sehemu ya uhai wake.

Jambo la pili liko mahali tusipopaona. Sehemu kubwa ya mwili wa mti iko juu ya ardhi, ilhali sehemu kubwa ya uhai wa nyasi imo chini, katika mizizi. Mizizi hiyo huufunga udongo usichukuliwe na maji, hufungua njia za mvua kupenya ardhini, na huhifadhi kaboni mbali na jua na moto. Msitu ukiungua, kaboni nyingi iliyokuwa katika miti hupaa hewani. Uwanda ukiungua, majani makavu huteketea, lakini ghala lililo chini ya udongo husalia kwa sehemu kubwa. Katika nchi zenye kiangazi kirefu na moto wa mara kwa mara, ghala la chini ni salama kuliko la juu.

Jambo la tatu limo katika sahani zetu. Mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano na hata miwa, yote ni jamii ya nyasi. Nyama na maziwa ni nyasi zilizopita tumboni mwa ng'ombe. Anayedharau nyasi ameidharau ugali na chai yake ya maziwa kwa pamoja.

Dhana potofu ya "msitu uliokatwa"

Wapo watu wenye nia njema wanaoamini kwamba kila uwanda wa nyasi barani Afrika ulikuwa msitu, ukakatwa na watu, na kwamba dawa yake ni kuupanda miti. Kwa baadhi ya mahali ni kweli. Lakini kuifanya kuwa kanuni ya kila mahali ni kosa.

Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mabaki ya kale kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, mojawapo ikiwa Moroto, katika Karamoja yetu. Walionyesha kwamba nyasi za aina inayostahimili jua kali na ukame zilikuwa zimestawi katika ukanda huu zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Wakati huo binadamu hakuwapo, wala shoka halikuwapo. Nyanda zetu, basi, si makovu ya misitu iliyofyekwa. Nyingi ni za kale kuliko ukoo wa binadamu, na zina mimea, wadudu, ndege na wanyama waliozoea mwanga. Ukizifunika kwa kivuli, umewanyima mwanga huo.

Afrika Kusini ilijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Misonobari na mikaratusi iliyoletwa kutoka ng'ambo ilipandwa kwa wingi katika nyanda za nyasi za milimani, na nyingine ikaenea yenyewe bila kupandwa. Miti hiyo hunywa maji mengi kuliko nyasi, na mito iliyotoka katika vilima hivyo ikapungua. Tangu mwaka 1995 serikali ya nchi hiyo imekuwa ikiendesha mpango wa kitaifa wa kuwaajiri wananchi waikate miti ya kigeni ili maji yarudi mitoni. Huku kwetu shule hupewa miche ya mikaratusi ipandwe popote penye nafasi. Je, si busara kuuliza kwanza "nafasi" hiyo ilikuwa na nini?

Nisieleweke vibaya. Siupingi upandaji wa miti. Milima iliyofyekwa ya Elgon na kingo za mito zilizoachwa wazi zinahitaji miti, tena upesi. Familia nyingi zinahitaji kuni na mbao. Ninachopinga ni kupanda mti bila kuuliza, kana kwamba rangi ya kijani ni moja tu na nyasi si kijani.

Mifano mitatu ya karibu nasi

Mfano wa kwanza ni Serengeti, iliyo jirani zetu Tanzania. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki, ukaua ng'ombe wengi mno, na wanyamapori walio jamaa ya ng'ombe wakafa pia. Njaa iliwakumba wafugaji. Sotoka iliendelea kuwaua ndama wa nyumbu kwa miongo mingi, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti wakawa takriban 250,000 tu. Ng'ombe walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka miongoni mwa nyumbu, nao wakaongezeka hadi kupita milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, moto ukakosa cha kuunguza, na miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Funzo lake ni kwamba afya ya ng'ombe wa mfugaji na afya ya wanyamapori hazitengani. Chanjo iliyotolewa bomani ndiyo iliyookoa uwanda.

Mfano wa pili ni Ziwa Mburo, magharibi mwa Uganda. Mwaka 1983 eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na wafugaji waliokuwamo wakaondolewa kwa nguvu. Serikali ile ilipoanguka, watu walirudi wakiwa na hasira, na wanyama wengi wakauawa ili pasiwepo tena sababu ya kuwafukuza wenyeji. Baadaye hifadhi ilipunguzwa ikabaki takriban kilomita za mraba 260. Tembo hawakuwamo tena, moto ulizuiwa, ng'ombe wakatolewa, na migunga ikajaa katika nyanda zilizokuwa wazi. Matokeo yake ni kwamba punda milia na swala pala wengi hulisha nje ya hifadhi, katika mashamba ya mifugo yaliyo jirani, ambako nyasi ni fupi na adui huonekana kutoka mbali. Hebu lifikirini jambo hili. Uwanda uliotengwa kwa ajili ya wanyama umeota vichaka, na wanyama wanawafuata ng'ombe waliotolewa humo kwa ajili yao.

Mfano wa tatu ni Hifadhi ya Queen Elizabeth. Katika miaka ya vurugu za kisiasa, majangili waliwaua tembo hata wakabaki takriban 150 tu katika hifadhi hiyo mnamo mwaka 1980, ilhali hapo awali walikuwa maelfu. Tembo ni mtunza uwanda: huangusha miti, huvunja vichaka, hufungua njia. Alipokosekana, vichaka vilitamalaki. Leo hifadhi hiyo yapambana pia na mimea vamizi kama lantana na gugu karoti, ambayo wala nyasi hawaipendi. Mnyama hawezi kula jani lenye sumu eti kwa sababu ni la kijani.

Sheria inasema nini?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 39, inampa kila Mganda haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 17 inamtwisha kila raia wajibu wa kuyajenga na kuyalinda mazingira hayo. Kumbukeni kwamba haki na wajibu ni pande mbili za sarafu moja.

Ibara ya 237 yasema kwamba ardhi ni mali ya raia, na kwamba serikali itashikilia kwa niaba ya wananchi maziwa ya asili, mito, vinamasi, hifadhi za misitu, hifadhi za wanyama, mbuga za taifa na ardhi nyingine itakayotengwa kwa ajili ya mazingira na utalii. Isomeni orodha hiyo taratibu. Msitu umetajwa. Kinamasi kimetajwa. Uwanda wa nyasi haukutajwa kwa jina lake. Hulindwa tu ukiwa umebahatika kuwa ndani ya hifadhi. Sehemu kubwa ya nyanda zetu haimo ndani ya hifadhi. Imo katika ule Ukanda wa Ng'ombe unaoanzia Isingiro na Mbarara, ukapitia Kiruhura na Nakasongola, hadi Karamoja. Huko mlinzi wa nyasi ni mfugaji, desturi za jamii yake, na baraza la mahali pake.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inawaruhusu watu wanaomiliki ardhi kwa pamoja kuunda chama cha ardhi ya jumuiya, kikawa na katiba yake na kamati yake. Nayo Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inayapa mabaraza uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwa njia hizo jamii yaweza kupanga nani alishe wapi, lini malisho yapumzishwe, na ni marufuku gani iwekwe kwa wachoma makaa. Chombo kipo. Kinachokosekana ni raia wa kukishika.

Pingamizi na jibu lake

Mtu anaweza kusema, "Mwalimu, idadi ya watu inaongezeka. Tunahitaji mashamba. Je, tuwaache watoto walale njaa ili swala ashibe?" Hili ni swali la haki, na halifai kupuuzwa.

Jibu langu ni kwamba si kila ardhi hustahimili jembe. Katika miaka ya 1930 Marekani ilishuhudia jambo hili. Wakulima walikuwa wamelima nyanda kavu za nyasi kwa miaka mingi, wakang'oa mizizi iliyoufunga udongo. Ukame ulipokuja, upepo uliuchukua udongo ule ukawa mawingu ya vumbi yaliyoufunika mchana kama usiku, na maelfu ya familia zikahama. Nchi tajiri haikuweza kuzuia hayo. Ilianza tu kutengeneza baada ya kuharibika. Katika sehemu kavu za Ukanda wa Ng'ombe, uwanda uliolimwa waweza kutoa mavuno misimu michache, kisha ukabaki mtupu. Ng'ombe aliyehamishwa kwa mpango huzalisha chakula mahali ambapo mahindi hunyauka.

Mwingine atasema kwamba wafugaji wenyewe ndio waharibifu. Ni kweli kwamba mifugo mingi mno mahali pamoja huimaliza nyasi. Nakasongola kuna sehemu zilizobaki udongo mtupu, na mchwa hula kila chipukizi kinachojitokeza. Lakini huko huko majaribio yalionyesha kwamba ng'ombe wakilazwa usiku katika boma la muda juu ya udongo huo, samadi yao huurutubisha, na mbegu za malisho zikipandwa baadaye hushika vizuri. Ng'ombe yule yule aliyeharibu ndiye aliyetengeneza. Tofauti ni mpango. Waswahili husema: wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi. Sisi huitumia methali hiyo kuwasema wanasiasa. Leo naomba tuichukue kwa maana yake ya wazi kabisa: mkulima na mfugaji wakigombana, hifadhi na wenyeji wakigombana, ziumiazo kweli ni nyasi, na baada ya nyasi ni wote wawili.

Ndiyo maana uhifadhi wa kuwafukuza watu hauwezi kufaulu, kama Ziwa Mburo ilivyotufundisha. Jamii zinazopakana na hifadhi zina haki kisheria ya kupata asilimia 20 ya ada za viingilio. Fedha hizo zifike kweli vijijini, na matumizi yake yasomwe hadharani. Raia asiyenufaika na uwanda hana sababu ya kuulinda.

Mwanafunzi afanye nini?

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Maadhimisho yaweza kuishia katika hoteli za mijini, lakini yaweza pia kuanzia shuleni.

Kwanza, siku ya kupanda miti ikifika, ulizeni kwa adabu maswali matatu: mahali hapa palikuwa na nini zamani? Mti huu ni wa asili ya hapa au wa kigeni? Utakunywa maji ya nani? Pili, waendeeni wazee. Muulize babu au shangazi majina ya nyasi kwa lugha ya nyumbani: ipi ya kuezekea, ipi ya kusukia mikeka, ipi inayomnenepesha ng'ombe, ipi inayoonyesha kwamba ardhi imechoka. Yaandikeni, kisha yatafutieni maelezo kwa Kiswahili. Jina likipotea, kitu chenyewe huanza kupotea. Tatu, hudhurieni mikutano ya baraza la kijiji hata kama hamjafikisha umri wa kupiga kura. Msikilize namna ardhi ya malisho inavyojadiliwa, na mtu akisema "pale hapana kitu", simameni kwa heshima mseme kilichopo.

Sitarajii kwamba kila mwanafunzi atakuwa mtaalamu wa mazingira. Natarajia kwamba kila mmoja wenu atakuwa mpiga kura, na wengine madiwani, mahakimu, wapima ardhi na walimu. Siku moja mezani pako patawekwa karatasi inayohusu uwanda fulani, iwe ni ya kuugawa, kuulima, kuupanda miti au kuuacha. Ukiwa umejifunza kuona nyasi, utaisoma karatasi hiyo kwa makini kabla ya kutia sahihi.

Maswali ya mjadala

1. Je, ibara ya 237 ya Katiba ingefaa kurekebishwa ili nyanda za nyasi zitajwe kwa jina? Toa sababu mbili za kukubali na mbili za kupinga.
2. Eleza tofauti kati ya nyika, mbuga na malisho, ukitoa mfano mmoja wa kila neno kutoka wilaya yako.
3. Andika barua rasmi kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji chako, ukipendekeza sheria ndogo moja ya kulinda malisho ya jumuiya.